Saa Sifuri na Nusu

La Rochelle, Johannesburg
Septemba 2018

Kwako Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wote hapo Buyenzi. Goti linaendeleaje? Sisi huku hatujambo, baridi imeanza kututoka mifupani.

Uliniuliza huwa nafanya nini Jeppestown kila Jumamosi. Tunatengeneza programu huria, yaani ya bure, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Inawakumbusha wagonjwa kwa Kiswahili siku na saa ya kwenda kliniki. Anayetuongoza ni Denise, Mkongomani wa Lubumbashi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganywa.

Sehemu ya kugeuza saa za Kizungu kuwa zetu aliiandika Denise mwenyewe, na alijivunia. Kumbe ilikuwa inaondoa sita tu, basi. Mwezi wa tano Mama Orpha, fundi cherehani jirani yangu niliyemwandikisha mimi, alitakiwa kliniki saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ujumbe ukamwambia saa sifuri na nusu. Akadhani ni utani wa vijana, akaendelea kushona. Presha ikampanda kabla hajapata dawa, akalazwa. Sasa ni mzima, ila mimi ananiita Bwana Sifuri.

Mwingine angeziba tundu na kunyamaza. Denise alikwenda kumwomba Mama Orpha radhi, kisha akatuambia anaifuta kazi yake yote. Badala yake tutumie kifurushi cha saa, yaani kipande cha programu kilicho tayari, kinachotumiwa na miradi mingi na kutunzwa na watu wa nchi mbalimbali. Macho mengi, alisema, yangeiona ile sifuri mapema.

Mimi ndiye niliyegoma. Kifurushi kilijua asubuhi, mchana na usiku tu. Chetu kilikuwa na maneno uliyotufundisha darasani, alfajiri, adhuhuri, alasiri, na niliyaweka kwa mkono wangu. Kila ujumbe ulipotoka nilikuwa kama nakusikia wewe. Nikasema yakifutwa, naondoka.

Hakukasirika. Alisema tu eish, kama washangaavyo watu wa huku, kisha akaniuliza kwa nini maneno ya mzee wangu yafungiwe Jeppestown. Tukayaandika pamoja, na mifano yake, tukawapelekea wenye kifurushi. Mmoja wao, Khatibu wa Tanga, alitubishia wiki nzima kuhusu alasiri huanza saa ngapi, mwishowe akakubali. Yalipopokelewa ndipo Denise akaifuta kazi yake ya miaka miwili, huku akiimba. Baba, sijapata kuona mtu akiachia kitu chake kwa moyo mweupe namna ile.

Lakini lililonishikisha kalamu ni hili. Wenye kifurushi hawana mtu wa kuwahakikia Kiswahili, na waliniuliza maneno yale niliyatoa kwa nani. Nikakutaja. Wanakuomba wewe, kila neno la saa lipite kwako kwanza. Najua ulisema tangu ustaafu hakuna anayekuuliza kitu. Dada Mwanaasha atakusomea maswali kwenye simu yake. La kwanza limeshafika, la Khatibu tena: alasiri huisha saa ngapi? Nimemwambia atulie, mwalimu anakuja.

Nisalimie Mama na dada Mwanaasha. Denise anakuamkia, na Mama Orpha pia.

Mwanao,
Mussa