Kioo Kiliganda, Mimi Sikukubali

Vickery Meadow, Dallas

Mama yangu,

Shikamoo. Hasira nimeziweka pembeni kwa mistari michache ili salamu zipite. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mgeni akuletee imefika, au imeishia njiani? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi yangu ya kutengeneza kompyuta za ofisi inaendelea, na Furaha, yule Mkongo ninayekaa naye, anakusalimu sana.

Basi, salamu zimekwisha. Nimekasirika, Mama, na kaka Nasri asikusomee barua hii kwa sauti ya kubembeleza.

Nasikia Ami Seif keshatangaza kwamba ndoa yangu na Hamdu ni Mfungo Mosi, kwa kuwa nilikubali mbele ya wazee. Nilikubali lini? Nilipopiga simu kueleza mlinipokea kwa vigelegele, kisha Ami akaichukua simu na kusema mambo yamekwisha. Ndiyo maana naandika. Barua hawezi kuikata katikati.

Siku ya posa, nyinyi mko ukumbini huko nyumbani, mimi nilikaa huku mbele ya kamera ya kompyuta yangu nimejitanda ule mtandio wako wa zari. Ami aliagiza nifunge maikrofoni, bibi harusi asisikike mpaka aulizwe. Nikafunga. Wazee wakaongea, wakasifiana weee, mpaka Ami akageukia kioo: "Rahma, Hamdu kaja kukuposa. Unasemaje?"

Nikapeleka mshale kwenye alama ya maikrofoni, nikabofya. Hakuna kitu. Nyuso zenu zote zimeganda, wewe Mama umefumba jicho moja. Mshale unatembea, lakini kila ninapobofya ni bure. Sauti zenu nazisikia vizuri kabisa, na kumbe kamera nayo inaendelea kuwaletea picha yangu.

Nikainamia kibodi. Kompyuta yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux, na ikiganda hivyo mara nyingi ni kioo tu kilichokwama. Yenyewe iko hai huko ndani. Kuna vitufe unabonyeza pamoja, unatoka kwenye picha na kuingia kwenye ukurasa mweusi wa maandishi, unaiamrisha kutoka huko. Ndicho nilichokuwa nakifanya, kichwa chini, nabonyeza na kubonyeza. Nikamsikia Ami: "Mnaona? Kainamisha uso. Mtoto kaona haya. Basi hilo ndilo jibu, tusimtaabishe."

Nilipiga ukelele chumbani. Furaha akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Dada, iko nini? Connexion imekatika?"

"Connexion ipo," nikamwambia. "Wananioza huku nawasikia."

Nikachukua simu, nikampigia Nasri. Mama, niliisikia simu yake ikilia hapo ukumbini, kupitia kompyuta yangu mwenyewe, na Ami akisema, "Zima hiyo, watu wanasoma fatiha." Na kaka yangu akaizima.

Ule ukurasa wa maandishi ulikuja mkiwa mmeshaitikia amin. Nikaizima kwa nguvu programu ya kioo ili nianze upya, na picha yangu ikakatika. Hilo nalo nasikia mlisema nimekimbia kwa haya.

Ami anauliza ni fundi gani wa kompyuta anayeshindwa kufungua maikrofoni. Mwambie fundi huyo alikaa siku yake nzima ya mapumziko akisoma makosa ambayo mashine imejiandikia. Kilichokwama ni kadi ya michoro, ile inayopeleka picha kwenye kioo, na ilianza baada ya mimi kusasisha mfumo. Nikarudisha toleo la zamani, nikacheza video huku nikipiga soga kwa kamera na shoga yangu wa Houston mpaka akachoka yeye. Haikuganda. La mashine nimelirekebisha, lakini la kwenu siliwezi nikiwa huku.

Kinachonichoma ni kwamba ukumbi mzima hapakuwa na mtu wa kusema, hebu tumngoje. Mliniona natoka jasho, mikono inakwenda mbio, mkaita haya. Hata wewe, Mama, uliyenizaa, ambaye unajua sijawahi kunyamaza tangu nijue kusema.

Nakuomba mrudishe pete ya posa mliyonipokelea siku ile. Hamdu simlaumu, aliambiwa nimekubali naye akaamini. Lakini aelezwe ukweli, na aelezwe na Ami mwenyewe, si na Nasri.

Nisalimie Bibi, mwambie nimemkumbuka na visheti vyake. Nasri mwambie simu ikilia hupokewa. Ami naye mpe salamu, kwa kuwa hukunilea kumnyima mtu salamu.

Kuna jambo moja sitaki ulisikie kwa mwingine. Siku ile jibu langu lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya Furaha mpaka akanicheka. Nilitaka ulisikie kwa sauti yangu, na hamkuningoja. Sasa mniulize tena, na safari hii mjue kwamba mimi mwenyewe sijui nitasema nini.

Mwanao ambaye bado hajajibu,

Rahma