Pikipiki Yako Imekataa Kuingia Mlangoni

Kwako mume wangu, Baba Hadija,

Makubwa! Mpaka sasa ninapoandika, mdomo wangu haujafunga vizuri. Jana asubuhi pikipiki yako ya magurudumu matatu ililetwa nyumbani kwa lori kutoka machimboni, huko mbele ya Ushirombo. Wanaume wakaishusha, wakaisukuma mpaka mlango wa uani, ikakataa kuingia. Ikakataa kabisa! Gurudumu la nyuma la kushoto likagonga ukuta, la kulia likagonga nguzo. Nikawaambia, "Isukumeni vizuri, hiyo imetengenezwa humu humu ndani, mlango huu inaujua." Wakasukuma tena. Wapi!

Nikakaa chini pale pale. Maana kama kuna kitu nilichokuwa na hakika nacho hapa duniani, ni upana wa pikipiki ile. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba ulipokuwa unaupima.

Unakumbuka lakini? Ulinunua pikipiki kuukuu, ukakata nyuma yake, ukasema utachomelea ekseli ya magurudumu mawili na bodi ya kubebea mizigo. Fundi mwingine angeanza kwa kupima mzigo. Wewe ulikwenda kwanza kupima mlango wa uani. Ndivyo tulivyo hapa Shinyanga, kila mali lazima ilale ndani ya ua, iwe baiskeli, iwe mbuzi, iwe magunia ya pamba. Ukatoa kiganja huku na kiganja kule ili isikwaruze, na hapo pikipiki ikawa imekwisha pangiwa ukubwa wake kabla hata hujawasha moto wa kuchomelea.

Mimi nikauliza, upana si upana tu, unapima mara mbili ya nini? Ukaweka nyundo chini. Ulikuwa unapenda sana kunifundisha, wewe!

"Mama Hadija, hapa kuna vipimo viwili. Upana wote unaupima kutoka kinachojitokeza zaidi huku mpaka kinachojitokeza zaidi kule, hata kama ni nati tu. Huo ndio unaogombana na mlango. Halafu kuna nafasi ya magurudumu, katikati ya tairi hili mpaka katikati ya tairi lile. Hiyo ndiyo inayogombana na kona."

Sikuelewa. Ukaniambia nisimame nimebananisha miguu, ukanisukuma begani kwa kidole. Nusura niangukie kwenye sufuria ya maharage! Kisha ukaniambia niipanue miguu, ukanisukuma tena, nikasimama imara. "Umeona?" ukasema. "Na ukibeba mzigo juu juu, ndiyo unazidi kuanguka."

Nikatazama ile kazi yako. Magurudumu yamekaribiana, bodi umeiweka juu yake kama kitanda cha bwana harusi. Nikasema, "Sasa mbona hii yako umeibananisha miguu?"

"Mlango, mke wangu."

"Si uuvunje huo mlango?"

Uso wako ukabadilika. "Ukuta huu aliujenga marehemu baba. Siuvunji kwa ajili ya pikipiki." Ukaokota nyundo yako, mazungumzo yakaishia hapo.

Halafu ukanipandisha siku ya kuijaribu. Lahaula! Tulikwenda vizuri mpaka kona ya Ibadakuli, mimi nimekaa juu ya magunia, najiona bibi mkubwa. Ukakata kona, nikaona gurudumu la upande wangu linazunguka hewani, halishiki chochote. Niliruka na kanga yangu ikabaki imenasa kwenye bodi. Wewe ukasimamisha, umejishika mbavu kwa kicheko, na mimi nakutukana kwa Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja. Nilikuambia siku ile, na nikakuambia tena kila siku iliyofuata, panua magurudumu, itakuua hii. Siku ulipoondoka kwenda kuwabebea wachimbaji maji na mawe, nilisimama barabarani nikapaza sauti, "Baba Hadija, panua magurudumu!" Ukajibu, "Nimekusikia!" kwa ile sauti yako ya kunikatisha maneno.

Kisha dereva mmoja wa lori akaleta habari. Umefariki kazini, umezikwa huko huko. Hakusema zaidi, na nani angemuuliza? Watu wakishasema ni kazi ya Mungu, mjane hadai maelezo. Na mimi ningeyadai ya nini? Nilijua ni pikipiki imekupindukia. Niliiona kona, nikaliona gurudumu hewani. Nikaingia eda na donge hili moja: kwamba nilimwambia mume wangu neno la kumwokoa na hakunisikia. Kufa kila mtu anakufa. Lakini uniache mimi na mtoto kwa sababu ya mlango! Eda nzima niligombana na wewe, Baba Hadija. Nikisali nakuombea, nikimaliza kusali naanza tena kukusema.

Basi, jana nilipokuwa nimekaa pale chini, akashuka kwenye lori mtu anachechemea. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Pole sana mayu. Mimi ni Masanja, nilikuwa nachimba na wenzangu kule, Baba Hadija akitubebea mawe." Akaniambia kumbe aliwahi kuja nikiwa katika eda, wifi akamjibu dirishani kwamba mjane haonani na wanaume, akarudi zake. Nikamuuliza, hii pikipiki imekuwaje? Nani ameiharibu?

Akashangaa yeye sasa. "Haijaharibika, mayu. Ni yeye mwenyewe aliipanua. Alipofika Ushirombo tu, kabla hajabeba hata gunia moja, alitafuta ekseli ndefu, akashusha na bodi chini, ikakaa katikati ya magurudumu."

Nikainama nikatazama. Kweli! Mshono wa kuchomelea ni wako, ule wa kupindapinda ninaoujua. Nikamwita Hadija ashike ncha nyingine ya kamba, tukapima katikati ya tairi hili mpaka katikati ya tairi lile, kama ulivyonifundisha. Nikarudia kupima mara tatu, mpaka mtoto akaniuliza kama naumwa.

"Sasa ilipindukaje?" nikasema.

"Nani kakwambia ilipinduka?"

Ya Rabi! Duara liliporomoka, akasema, shimo walilokuwa wanachimba. Masanja na mwenzake wakavutwa wamevunjika mifupa. Ukawalaza kwenye bodi, ukaondoka nao mbio mpaka hospitali, ile njia iliyochimbwa na mikokoteni ya ng'ombe, na hakuna gurudumu lililonyanyuka. Ukawashusha, ukarudi kwa ajili ya wale waliobaki chini. Ukaingia na wewe kuwatoa. Udongo ukashuka mara ya pili.

Sijui hata nikuambie nini. Nimekulilia upya, kilio cha mtu mwingine kabisa. Yule niliyekuwa namlilia alikuwa mkaidi aliyekufa kwa ajili ya ukuta. Wewe ulikuwa nani, na mbona hukuniambia? Barua zako mbili nimezisoma tena leo, umeandika habari za mvua, umeuliza meno ya Hadija, neno moja kuhusu magurudumu hamna.

Nikamuuliza Masanja hivyo hivyo: kwa nini hakuniandikia? Akanijibu kwa haya:

"Alituambia, 'Nikimwandikia kwamba nimepanua atanicheka mpaka mtaa mzima ujue. Acha nirudi nayo, nivunje ukuta kwanza, ndipo acheke.'"

Ningecheka, Baba Hadija. Wallahi ningecheka.

Lala salama, Mungu akupanulie kaburi lako.

Ni mimi mkeo,
Mama Hadija