Mikimbio Minane kwa Ova

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mkuu wetu wa shule, Madam Perpetua, ameniita ofisini asubuhi. Hakunikaribisha kiti. Anasema kamati imeshakaa: uwanja wa kriketi ulimwe kabla ya mvua, yapandwe mahindi na maharage ya chakula cha wanafunzi. Nikamwomba asubiri mechi ya Jumamosi na wasichana wa Babati. Akakubali kwa sharti: sawa, lakini mkichekwa tena kama mwaka jana, trekta inaingia.

Mwaka jana! Tulitolewa, akabaki mmoja tu, tukiwa na mikimbio, yaani pointi, arobaini na mmoja. Wageni walicheka mpaka wakakaa chini.

Wasichana wetu sijawaambia. Nimemwambia Yonas tu, mwalimu wa hesabu, anayenisaidia mazoezi. Akasema nisihofu, dawa anayo.

Jumanne, 8 Oktoba

Dawa yenyewe ni gemu. La simu! Unakuwa meneja wa timu ya kriketi: unapanga nani aanze kupiga, nani arushe, halafu simu inacheza mechi yenyewe na wewe unatazama namba zinavyopanda. Yonas ameingiza wasichana wetu wote, kila mmoja na alama zake za nguvu na za subira. Ameingiza na wa Babati.

Tukaicheza muda wa chai. Mikimbio mia na sitini kwa ova ishirini! Tukarudia. Mia na sitini na kitu tena. Hiyo ni mikimbio minane kwa kila ova, yaani kwa mipira sita tu! Nilishangilia hadi walimu wengine wakageuka.

Yonas akasema tatizo letu ni Zita. Anaanza kupiga yeye, na anamaliza mipira bila kupata kitu. Akamshusha chini, akaanza na Brightness. Mia na themanini!

"Umeona, Madam? Namba hazina upendeleo."

Jumatano, 9 Oktoba

Nimewasomea timu. Brightness anaanza. Zita, wa nane.

Zita yuko kidato cha tatu. Kwao ni Dirma, hapa Endasak anakaa kwa shangazi yake. Mwaka jana wenzake walipotolewa wote, yeye alibaki amesimama. Leo hakulia, hakununa. Aliuliza tu:

"Madam, hiyo simu imewahi kuniona nikicheza?"

Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwa ukali, kwamba hapa si mahali pa kubishana. Akalaza ubao wa kupigia kwenye nyasi, taratibu, akaondoka.

Sauti niliyotoa sikuipenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Zita darasani yupo, mazoezini hakuja.

Leo nilitazama vizuri. Brightness alipiga mpira mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga. Kwenye gemu ungefika mpakani, ungekuwa minne moja kwa moja. Hapa ulifika kwenye mafungu ya nyasi kavu, kwenye nyayo za ng'ombe, ukafa. Wakakimbia mmoja. Ova kumi nzima — mikimbio thelathini na mitano. Mitatu na nusu kwa ova, basi!

Nikaomba simu ya Yonas, nikatafuta setingi ya uwanja. Ipo: wa kasi, wa kawaida, wa polepole. Nikaweka wa polepole. Bado inatoa saba kwa ova! Polepole gani hiyo? Aliyelitengeneza hajawahi kuona uwanja kama wetu, wala upepo wa Hanang unavyourudisha mpira ulipotoka. Au anajua, ila anataka mtu afurahi. Nani atakaa kuangalia mikimbio mitatu mitatu?

Nikamwambia Yonas gemu linatudanganya. Alikasirika. Akasema haya, tuseme linadanganya — mwaka jana Zita alibaki amesimama, tulishinda?

Hatukushinda.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepanda bodaboda hadi kwa shangazi yake Zita, Mama Gaudensia. Shikamoo, marahaba, karibu mwalimu. Kisha akanong'ona kwamba mtoto hali vizuri tangu juzi, kuna nini huko shuleni?

Zita alikuwa anachambua maharage. Alinipa shikamoo bila kuinua macho.

"Zita, nilikosea kukujibu vile."

"Sawa, Madam. Kwa hiyo naanza mimi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini Brightness ameshawaambia wazazi wake waje wamwone akianza. Nikasema nakuweka wa tano.

"Wa tano." Akarudi kwenye maharage yake.

Uoga wangu huu! Sijui kama atakuja.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandikia mapajani, kando ya uwanja. Nikikaa bure nitapiga kelele.

Zita amekuja. Hajasema na mtu.

Babati wamepiga kwanza. Ova zote ishirini — mikimbio sitini na sita! Hata wao! Yonas ameutazama ubao wa matokeo, akaitia simu mfukoni.

Zamu yetu, wapigaji wawili ndani kwa wakati mmoja. Brightness amepiga juu mpira wa pili, ukadakwa. Anayefuata, juu, ukadakwa. Wa tatu naye! Nimewafundisha mwenyewe wiki hii wapige hivyo. Mikimbio tisa, watatu nje. Wageni wameanza kucheka. Madam Perpetua amekunja mikono.

Zita anaingia.

*

Hawacheki tena. Arobaini na minane. Saba wametoka, lakini yeye bado yupo. Tunataka kumi na tisa, zimebaki ova nne. Karibu mitano kwa ova. Kwenye simu hilo si kitu. Hapa leo hakuna aliyeweza.

Yonas amesimama. "Apige kwa nguvu! Mwambie, Madam, muda unaisha!"

Zita amekuja kunywa maji. Jasho na vumbi usoni.

"Madam, nipige juu?"

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamuuliza yeye anaonaje kule katikati.

"Upande wa madarasa hawana mtu. Tukikimbia sana tunapata miwili miwili."

"Imakulata ana pumzi?" Huyo ndiye mwenzake kule ndani.

"Nitamvuta."

Yonas akashika kichwa. Nikasema: kimbieni.

Amerudi. Mrushaji anakuja — Zita kausukuma taratibu, upande wa madarasa! Mmoja! Wanageuka, wanataka wa pili, Imakulata kaanguka! Kaanguka katikati! Mpira umeshaokotwa, unarushwa kwenye vijiti, ukivigonga kabla hajafika ametoka, Zita anamwita, na Madam Perpetua ametoka kitini, yuko ndani ya mstari, kitenge kinamdondoka, anapiga kelele inuka, mwanangu, inuka —