Bakuli Linarudi Safi

Njia ya Mukono,
Jumapili, Juni 1974

Kwako Mama Aloyo, dada yangu wa Namuwongo,

Pokea salamu zangu na za wanangu. Aloyo hajambo? Kile kikohozi chake kimepungua? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa, na sababu utaiona ukinivumilia.

Bado tuko kwenye nyumba ya shamba ambayo wakubwa walimpa mume wangu Marjan tupumzike. Muhindi aliyeijenga kwa likizo zake alifukuzwa na sanduku moja, ikabaki ya popo. Sasa imekarabatiwa: mabati mapya, chokaa, vioo, hata bafu la maji ya moto. Ukikaa barazani unaona chai tupu mpaka macho yanachoka. Ungecheka, useme Zubaida amekuwa memsahibu. Nami nilifurahi, nisikudanganye. Nilizunguka vyumbani nikigusa kuta kama mtoto.

Marjan huja kila Jumamosi akitoka zamu yake ya geti, kule wanakofungiwa watu. Huja na chakula kilichopikwa, akisema anakinunua kwa mama mmoja wa kaskazini. Tunakula, tunasifu. Mimi naosha bakuli, naye Jumatatu analirudisha. Ni bakuli la bati la kawaida, ya aina hiyo yamejaa Kampala nzima.

Jana alileta mboga yenu ile chachu, malakwang. Tonge la kwanza tu nikaacha kula. Ule ufuta uliosagwa ukaachiwa chenga kidogo, na mafuta ya kokwa za mti wa yaa wa kwenu Lira! Mkono wako naujua, Mama Aloyo, tulipika jiko moja miaka yote ile ya kambi ya polisi. Nikatazama kitambaa kilichofunika. Maua yale niliyadarizi mwenyewe, zawadi ya ubatizo wa Aloyo.

Nikamuuliza Marjan. Alifoka, kisha akaketi sakafuni akalia, mtu mzima yule. Akasema chakula unachompelekea mumeo walinzi hugawana kwa zamu, na Jumamosi ni zamu yake. Akasema mumeo Ogwal, waliyekuwa wakila naye sahani moja, hakumaliza hai hata ile wiki waliyomchukua. Hakuna aliyethubutu kukwambia, na chakula kiliendelea kuja.

Wifi yangu Rukiah, huyu anayekuletea barua, alinieleza juzi kwamba huna wasiwasi tena. Eti Ogwal yu hai, kwa kuwa bakuli la Jumamosi hurudi limesuguliwa kwa majivu, linang'aa, kama alivyokuwa akiosha yeye tangu depo ya mafunzo ya polisi. Eti ukifika nyumbani unalibusu. Dada yangu, nilikuwa naliosha mimi.

Nimekula chakula cha mumeo. Sijui hata msamaha nauombaje.

Usipeleke tena. Ukiacha, Marjan atajua nani amekwambia, na sijui atanifanya nini. Acha hivyo hivyo. Mchukue Aloyo mpande treni, mvuke mpaka wa Kenya, mwende kwa kaka yako Ochan huko Kisumu, ukamlilie mumeo huko. Hapa hata kulia ni kosa. Barua hii ichome.

Nibusie mtoto. Sidhani kama tutaonana tena.

Na kesho usiende getini kuchukua bakuli. Liko hapa mezani na mabaki yake. Mkono umekataa kuliosha.

Ni mimi ndugu yako,
Zubaida