Pumzi Isiyo na Mshahara

Jumatatu, 4 Machi
Ofisini Kinondoni. Chai, kompyuta, hesabu. Bado tunapima faida na hasara za kuzuia malori kuegesha kwenye mitaa ya watu Kurasini. Kamati ya mazingira inangoja ripoti yetu ndipo iamue. Hasara za wenye malori tayari. Faida za afya bado. Dokta, bosi wangu, anataka tuzipime kwa mshahara anaoupoteza mgonjwa. Sikuona tatizo.

Jumatano, 6 Machi
Kurasini. Moshi wa malori hadi vyumbani. Bi Zuhura, mwenye pumu, analea wajukuu. Leo kifua kimembana, jirani ndiye anayewapikia. Nikauliza: ukiugua unapoteza mshahara gani?
"Mshahara gani tena, mwanangu? Mie wa nyumbani."
Nikajaza sifuri. Nyumba iliyofuata, sifuri. Wazee, watoto, kina mama: sifuri. Nimeona aibu.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu imegeuka hasira. Lori likichelewa tunalilia. Bi Zuhura akikosa pumzi, hakuna kilichopotea! Nimerudia hesabu. Kupika na kulea nimevipa ujira wa mtu anayeajiriwa kuvifanya. Matibabu nimeyaingiza, na watoto kukosa shule. Jibu, lililokuwa hasara kwa sifuri zile, limegeuka: kuzuia malori kuna faida. Nimempelekea Dokta.

Ijumaa, 8 Machi
Kakataa.
"Neema, sie siyo wanaharakati."
Eti takwimu za majumbani hazina uhakika. Za wenye malori tumepewa na wenyewe, na hakuna aliyezihoji. Unafiki mtupu. Sina hamu hata ya kula.

Jumanne, 12 Machi
Kikao cha kamati. Dokta kawasilisha yake: katazo ni hasara. Wajumbe wameanza kukusanya makaratasi. Nikanyoosha mkono. Nikasema hesabu hii inachukulia kwamba asiye na mshahara hapotezi kitu akiugua.
Mwenyekiti akamgeukia Dokta. "Ni kweli?"
"Ndivyo inavyofanywaga, mheshimiwa."
Ripoti imerudishwa, ifanywe upya. Nje Dokta kaniambia nisirudi ofisini. Hakunitazama.

Jumapili, 17 Machi
Nyumbani, Tabata. Sina kazi. Dada kaja na mihogo, kanisema weee, kisha tukala. Ripoti kapewa mtu mwingine; anapita Kurasini na maswali mapya. Malori bado yapo. Jioni nikampigia Bi Zuhura. Shikamoo, marahaba, kisha kikohozi kikamkatiza. Kirefu. Sikukata simu. Nikasubiri amalize.