Phonie Haikukufuata, Mama

Mama,

Kesho tunaondoa matanga yako, na Mjomba anataka nipige magoti mbele ya picha yako, watu wote wakitazama, nikuombe msamaha. Kosa langu ni kwamba niliifungua phonie, ile redio yako ya kuitia miji ya mbali na kupangia camion. Nakuandikia leo ili usikie kwangu kwanza, maana kesho watasema wao, nao ni wengi na wana sauti kubwa. Mama, sipigi magoti.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Tulipotoka kukuzika, nyumba ilijaa. Walikuja watu wa Mahagi, wakaja wa ziwani na samaki wao wakavu, hata wale wamama wa Kpandroma waliokujua kwa sauti tu walipanda camion, wakafika umeshafukiwa. Mama mdogo, katika kilio chake, alichukua kitenge chako kile cha maua ya bluu, akaingia nacho dépôt, kwenye ghala la magunia, akaifunika phonie. Alikikunja vizuri, tabaka juu ya tabaka, kama anayemfunika mtoto mwenye baridi. Kila mtu alisema amefanya jambo la heshima. Naye Patron wetu, yule mzee wa Butembo, kwa heshima yako hiyo hiyo, alitoa mafuta ili groupe, ile jenereta, isizimwe, watu wa matanga wapate taa na muziki. Hakuna aliyejua kwamba chini ya kitenge ile taa ndogo nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Kisha phonie ikanyamaza. Dereva mmoja alitaka kuita kituo cha Aru, akashika micro, akapiga allô, allô, mpaka akachoka. Habari zikafika uani, na Mjomba akasimama.

"Phonie imefuata mwenyewe yake," alisema. "Mutu asiifungue mbele ya siku ya kuondosha matanga. Ataita kifo ingine."

Watu wakatikisa vichwa. Ikufuate wapi, Mama? Huko uliko kuna camion za kupanga?

Nisingejali sana maneno yao kama Patron hangeyaogopa. Aliniita pembeni, kofia mkononi. "Citoyenne Afoyo, sipendi kubishana na famille. Machine itapanda camion ya Kisangani. Huko wataitengeneza, na nitapata mwanaume ya kuisemea." Aliniambia kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Miaka yote nimekaa kando yako kwenye mzani, napima magunia huku sikio langu liko kwako. Najua Aru akiita namna gani na Kpandroma akilalamika namna gani. Kiti kile si cha mwanaume wa Kisangani. Ni chako, na baada yako ni changu.

Wamesahau kwamba kila kiangazi, vumbi la Bunia linapoingia hata kwenye chumvi, ni sisi wawili tulioishusha ukutani na kuisafisha. Mimi sijasahau. Ulianza na mwili wako kabla ya kuigusa: hereni unatoa, pete unatoa, rozari unaivua shingoni. Halafu unazima, unachomoa waya wa groupe, unachomoa batri, na waya wa antena unautupa nje ya dirisha hata mbingu ikiwa safi, kwa sababu uliwahi kuona radi ikiteremka kwenye waya huo na kuunguza pazia. Skrubu za chini kwanza, za juu mwisho, goti likiwa chini ya tumbo la mashine, maana ni nzito na ikidondoka inang'oa nyaya zake zote. "Uibebe kama mutoto ya wenyewe," ulikuwa unasema. Kila skrubu uliichomeka kwenye mche wa sabuni, za kushoto kushoto, za kulia kulia, isije ikabaki moja mkononi bila kwao.

Ikishalala mezani hukuifungua. Uliketi ukasali fumbo zima la rozari. Nilidhani ni ibada tu, mpaka uliponieleza kwamba mle ndani kuna makopo madogo yanayoshika umeme hata baada ya kuzimwa, na yanataka muda wa kuutema. Na baada ya sala bado hukuyaamini. Ulichukua ule mwiko wako mkavu wenye waya kwenye ncha, ukafunga upande wa pili wa waya kwenye chuma cha mashine, ukayagusa moja moja kwa ncha ya mwiko. Tach! Cheche ya bluu. Nami nikisogea na mikono yangu yote miwili, unafoka: "Weye Afoyo, mukono moja nyuma! Courant haiulizake ule ni mutoto ya nani."

Sasa sikia kituko. Asubuhi camion ya Kisangani ilipokuwa inapakiwa, niliingia kuutafuta mwiko huo, nikaukosa. Unajua ulikuwa wapi? Ndani ya sufuria! Wamama waliuona juu ya rafu, wakang'oa waya, wakasongea bukari, ugali wa matanga. Watu wote wale walikula bukari ya phonie, na Mjomba aliomba kuongezwa. Ulikuwa umelowa mpaka ndani. Ningeutumia hivyo, ningekufuata kweli. Nikakata mwingine kwenye ubao wa sanduku la sabuni, nikafunga waya wako uleule.

Nilipofika mlangoni pa dépôt, mama mdogo alikuwa amesimama pale, mikono ameitanua. Mjomba nyuma yake. Niliogopa, Mama, sitakudanganya. Lakini nilimwona kijana wa camion amekwisha kuleta kamba ya kuifungia phonie, na hasira ikawa kubwa kuliko woga. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: "Mama hakunifundishaka kuogopa machine. Alinifundisha kuizima kwanza." Nikapita chini ya mkono wa mama mdogo.

Nikakivuta kitenge. Katikati kilikuwa kimegeuka kahawia, mahali palepale pa matundu ambayo mashine inapumulia, na kilinuka pasi iliyosahauliwa. Hapo nikaelewa yote. Hukuiita phonie, Mama. Tuliiziba pumzi sisi wenyewe, kwa mapenzi. Nikajifunga kitenge hicho kiunoni, mbele yao, na mama mdogo akapiga yowe mpaka wapakiaji wakaacha magunia.

Nikatoa hereni. Nikatoa rozari. Nikazima, nikachomoa, antena nikaitupa dirishani. Skrubu za chini, skrubu za juu, goti. Ilinielemea, lakini hakuna aliyenisaidia na sikumwomba mtu. Nilipoilaza mezani, nikaketi, nikaanza kusali kwa sauti: Salamu Maria. Mama, unajua kilichotokea? Wamama pale mlangoni, walewale waliokuja kunizuia, wakaitikia. Mkatoliki hawezi kusikia nusu ya sala akaiacha nusu nyingine hewani. Nilisali, wakaitikia, fumbo zima, na sauti ya mama mdogo ilikuwa juu ya zote. Mjomba peke yake alifunga mdomo.

Kisha mwiko, mkono mmoja nyuma. Tach. Wakaruka wote.

Ndani sikukuta mzimu. Nilikuta fizibo, ile fyuzi yake, imeungua, na kipande kimoja kidogo chenye mistari ya rangi kimepasuka, cheusi kama karanga iliyosahaulika kwenye kikaango. Kwenye kopo lako la maziwa ya unga kulikuwa na mwenzake. Nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya wapishi wa matanga, nikakiweka kipya, nikabadilisha fizibo, nikapangusa vumbi, nikafunga. Sabuni ilibaki na matundu tu. Patron alikuwa amesimama kando na kofia yake. Nikarudisha antena, nikamwambia kijana awashe groupe.

Taa nyekundu ikawaka. Nikashika micro, nikataja jina la kituo chetu hewani: "Aru, Aru, Shari hapa."

Mvumo wa hewa tu. Halafu kile kikohozi cha muzee wa Aru, unakijua, anakohoa kabla ya kila neno. "Shari? Mama Afoyo? Siye walituambiaka ulikufa."

Miaka yote hiyo umeitwa hewani kwa jina langu, Mama, na mimi sijawahi kulisema humo hata siku moja. "Mama alikufa, muzee," nikasema. "Ni Afoyo mwenyewe."

Akakohoa tena, kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa analia, ila hatakubali. Na kabla hajamaliza, mwanamke wa Kpandroma akadandia: "Shari, weye nani, camion iko wapi? Viazi yetu inaoza huku!" Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamjibu camion itapanda kesho asubuhi, na Patron, bila kuulizwa, akaitikia kwa kichwa. Akamwambia kijana wa camion arudishe kamba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama mdogo alipokiona kitenge kilivyoungua aliketi chini akajilaumu, nami nikaketi naye, nikamwambia hakuna anayefunika kitu asichokipenda. Mjomba hakubali. Kitenge kuungua nako ni ishara, eti. Sasa mtoto yeyote wa ukoo akishikwa na homa wananitazama mimi. Juzi Patrice mdogo alitapika usiku kucha, na nilikaa kando yake nikijiuliza kama wana haki. Kumbe alikula maembe mabichi. Lakini najua siku moja mtu atakufa, kwa sababu watu wanakufa, wewe mwenyewe tension, presha ya damu, ilikuangusha bila mtu yeyote kugusa mashine yoyote, na siku hiyo watanitaja. Wanitaje.

Kesho nitasimama mbele ya picha yako. Nitakuombea, nitakulilia, nitawapikia watu wote bukari, kwa mwiko wa jikoni safari hii. Kiunoni nitakuwa na kitenge chako chenye alama ya kuungua, nje nje, ili kila mtu aione. Magoti nitampigia Mungu kanisani.

Lala, Mama. Shari bado inaongea. Kila kiangazi nitaishusha, kila kiangazi nitaifungua, mkono mmoja nyuma. Na siku yangu mimi ikifika, nimeshamwagiza mama mdogo na wote waliobaki: wanilie wanavyotaka, wanifunike na vitenge vyote vya Bunia, lakini phonie waizime kwanza.

Mwanao,
Afoyo