Nilinyamaza Ili Kanada Impokee Yaya Wangu. Sasa Amefika, Niseme?

Mpendwa mshauri wetu Mama Ziada, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo mwisho wa kiti changu.

Mimi ni Kambale wa Alby, na kama husikilizi redio yetu ya jumuiya basi umekosa mengi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachambua siasa za Kanada kila Jumamosi mchana, baada ya matangazo ya misiba na kabla ya muziki, na nakuambia bila kujisifu kwamba kuanzia hapa Alby mpaka Södertälje hakuna mtu anayeijua Kanada kama mimi, ingawa sijaikanyaga. Shule ya darasani niliiacha la saba, nyingine yote nimesomea njiani, nimepita nchi tano na katika zote nimelala kanisani au polisi, kwa hiyo mambo ya serikali nayajua kwa mgongo. Watu huniuliza kwa nini Kanada na wewe unakula mkate wa Uswidi. Nawajibu kwamba ukimbizini Uganda niliita Kanada, akaitika Uswidi, nikamshukuru Mungu nikapanda ndege, lakini roho ilibaki imegeukia kule, tena habari za kule zinaandikwa kwa Kifaransa ambacho nakisoma vizuri, na wanasiasa wa hapa wanagombana kwa sauti ya watu wanaopeana sukari mezani, mimi usingizi unanishika.

Mwaka jana chama cha rangi ya chungwa kilipokuwa chama kikuu cha upinzani kule, nilivaa shati la chungwa kwenda studio, nikasahau kwamba ni redio. Mwaka huu wahafidhina walio madarakani walipowakatia wakimbizi dawa, nilichemka. Walisema si haki mkimbizi apewe bure dawa ambazo wananchi wengine hawapewi. Mimi nikasema hewani kwamba kama jirani yako ni kibogoyo, dawa yake si kumng'oa mgeni meno, na kwenye saluni ya Evodius kule Bredäng walirudia maneno hayo wiki nzima.

Sasa shida, Mama. Wakati huohuo dada yangu mkubwa Orpha, ambaye kwa lugha ya kwetu namwita yaya, na mumewe Zachariah na watoto walikuwa Kampala wakingoja kwenda Kanada, kanisa moja la Winnipeg limewadhamini. Pasaka wakapimwa afya, halafu kimya. Mei kimya. Juni binamu yangu Madeleine akaja kwangu, hakuvua hata viatu, akasimama palepale mlangoni.

"Kambale, balozi wa Kanada yuko hapahapa Stockholm."

"Najua, nimepita mbele ya ofisi yake."

"Basi anakusikia."

"Anasikia Kiswahili?"

"Kuna mtu anamtafsiria. Wewe umesahau kwetu? Yule mtangazaji aliyemsema mkubwa, nyumba yake iko wapi leo? Mdomo wako ndio umelala juu ya faili la Orpha."

Binti yangu Heshima akasema kutoka jikoni, kwa Kiswidi kama kawaida yake, kwamba balozi ana kazi nyingine za kufanya, tukamwambia anyamaze, mtoto aliyekulia hapa anajua nini. Woga ukaniingia, Mama Ziada, na utamu kidogo pia, sikufichi, maana si kila mtu wa Alby anasikilizwa na balozi. Jumamosi iliyofuata nikaisifu ile serikali, nikasifu mawaziri wake, nikasifu hata baridi yao, mpaka Evodius akapiga simu studio kuuliza kama nimelishwa kitu. Kisha nikamwambia Akeyo, yule dada Mkenya anayeongoza kipindi, kwamba napumzika.

Agosti viza zikatoka. Nilipata habari nikiwa kwenye treni narudi kutoka kazini Södertälje, nikalia mpaka Mswidi mmoja akaacha kiti chake cha peke yake akaja kukaa kando yangu, na wewe unawajua Waswidi, ujue kilio kilikuwa kikubwa. Yaya amefika, watoto wako shule, mimi nalala usingizi ambao sijalala tangu tuachane mpakani.

Lakini Jumapili baada ya ibada akanipigia. Zachariah ana ugonjwa wa sukari, na insulini yake serikali hailipi kwa sababu ya sheria ileile niliyokuwa naipigia kelele, kanisa ndilo linanunua. Akaniambia, "Daktari wake alitoka barabarani na koti lake jeupe kuipinga serikali, ametuambia mwenyewe. Na bado ana kazi, Kambale. Bado anatupima." Nikadhani sasa atasema nami nipige kelele. Akasema, "Lakini wewe usifungue mdomo. Ngoja tupate uraia."

Na Akeyo amesema amechoka kunitunzia kiti. Nisipokuja Jumamosi hii anampa Hamid, yule Mtanzania anayetaka kuongelea mpira wa Uingereza. Watu wananyimwa dawa na saa nzima inakwenda kwenye mpira. Madeleine anasema sifa zangu ndizo zilifungua mlango, nisiufunge kwa maneno. Nikisema wakamrudisha yaya, nitamtazama nani usoni? Nikinyamaza, huu mdomo Mungu alinipa wa nini?

Ni mimi Kambale, niliyefungwa mdomo, Alby.

Mama Ziada anajibu:

Kambale mdogo wangu, kwanza nipe mkono. Yaya wako ametoka ukimbizini na watoto wako shuleni, hilo ni jambo la kupikia pilau, na ningefurahi nalo siku nzima kama usingeniharibia kwa haya mengine.

Sasa kaa chini. Sifa zako hazikufungua mlango wowote. Mwenyewe umeandika kwamba walipimwa afya Pasaka, na wakati huo ulikuwa unawachambua wale wakubwa kila wiki bila huruma. Kusifu ulianza Juni. Kama balozi alikuwa anakusikiliza, basi alisikia miezi na miezi ya kukosolewa, na dada yako akapata viza vilevile. Ukweli ni kwamba hakusikia lolote. Najua hiyo ndiyo inayokuuma zaidi.

Madeleine simcheki, na wewe usimcheke. Aliyeona nyumba ya mtangazaji ikigeuka majivu hakujifunza woga kwa ujinga, alijifunza kwa macho yake, na woga huo ndio uliomfikisha Uswidi akiwa hai. Kosa lenu ni kudhani kwamba kila serikali duniani ni ileile mliyoikimbia. Mtoto peke yake nyumbani aliyesema la maana mlimnyamazisha. Mwombe radhi Heshima leo, kwa lugha yoyote atakayokujibu.

Kuna jingine linaniudhi. Hapo Alby kwako wapo watu wasio na makaratasi, wakiugua wanajificha, na dawa wanayoipata ni ya kuomba. Umewahi kuwasemea redioni? Serikali ya mbali ni rahisi kuigombeza, haikutani nawe kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Na uchaguzi uliopita ulipiga kura ya manispaa yenu ya Botkyrka, au ndipo usingizi ulipokushika?

Sikiliza la kufanya. Ijumaa mpigie yaya wako. Wewe ndiye mdogo, kwa hiyo anza na shikamoo na habari za watoto, usianze na bunge. Muulize anachokukataza ni nini, habari za nyumba yake au habari za sheria. Nyumba ni yake. Ugonjwa wa shemeji yako, kanisa lao, mji wao, hutavitaja hata akikuruhusu, maana neno la redioni halirudi. Na ujue kwamba majina yao na jiji lao nimeyabadilisha mimi kabla ya kuchapa hapa, wewe uliniandikia yote wazi kama mtu anayetangaza arusi.

Lakini sheria si ya Orpha peke yake. Wako wengi ambao hawana kanisa la kuwanunulia insulini. Akikataa hata hiyo isisemwe, mwambie kwa heshima kwamba utasema, asikie kwako na si kwa Madeleine. Mweleze kwamba aliyepokelewa kama yeye ameingia akiwa mkazi wa kudumu, harudishwi kwa sababu ya maneno ya mdogo wake aliye Ulaya. Asipokuamini, na kwa historia yako ya kusifia baridi sitamlaumu, awaulize waliomdhamini.

Jumamosi nenda kakae kwenye kiti chako. Usimtukane mtu. Sema dawa zipi zimekatwa, nani kazikata, anatoa sababu gani, na ni kina nani wanampinga. Ukimaliza Kanada, uje Alby. Dakika za mwisho mwachie Hamid na mpira wake, kuna wagonjwa ambao hiyo ndiyo dawa yao.

Na yaya wako mwambie afungue mtandao akusikilize mwenyewe. Umesema alimsifu daktari wa koti jeupe na papo hapo akakuziba mdomo. Huyo si mtu anayekukatalia, ni mtu ambaye bado anasubiri kuona kitakachotokea. Atakusikiliza ameshika roho mkononi. Jumapili atasubiri hodi ya polisi. Jumatatu watoto watakwenda shule, daktari atampima mumewe, na hakuna atakayegonga mlango. Hapo ndipo atakapojua kwamba amefika.